Karanga Haiko Chakula

11 Novemba

Mimi Djafari, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, dereva wa kamyo, yaani lori, miaka ishirini na mbili, leo nimepewa daftari kama mtoto wa darasa la pili. Aliyenipa ni Albertine, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu, ambaye namjua tangu anatambaa. Alinipandisha kwenye mizani mbele ya bosi wangu, Papa Mutale. Kilo mia moja na kumi na mbili. Tansio, presha ya damu, kumi na saba. Papa Mutale akapiga mluzi.

Yote haya yameletwa na dereva mwenzetu mmoja aliyezimia kwenye usukani mwezi jana. Gari liliingia kwenye shamba la mihogo, hakuumia mtu, lakini Papa Mutale aliogopa mpaka akatoa amri: madereva wanene wote wapimwe. Katika kampuni yetu, wanene wote ni mimi. Faustin, dereva wangu wa pili, mwembamba kama ufito, hata hakukaribishwa kwenye kiti. Papa Mutale alimtazama tu, akasema, "Huyu iko sawa."

Sharti ni hili. Tarehe 31 Machi, mvua zikiwa zinakwisha, nipimwe tena. Niwe na kilo mia na tansio kumi na nne. Nikishindwa, naketi depo kulinda magunia, na kamyo anaichukua Faustin. Faustin aligeukia dirisha, kamyo ilipoegeshwa nje. Aliuangalia usukani. Mimi nilimwona.

"Papa Djafari," Albertine akaniambia, "kila kitu unakula, andika humu. Hata kidogo. Usifiche."

"Miye sifichake kitu."

"Tutaona."

Naandika Kiswahili cha babu yangu wa Kasongo, aliyenichapa kwa kila kosa. Kile cha mtaani nakiachia mdomo.

12 Novemba

Nilichokula: bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, jioni. Basi.

14 Novemba

Safari ya Kasenga, tumebeba sabuni na sukari. Tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili. Karibu na njia ya Luano kuna mama anakaanga bitumbula, vile vidonge vya unga wa ngano vinavyoogelea kwenye mafuta. Nikachukua kumi, nipashe kinywa moto. Mbele kidogo karanga za kukaanga, vikombe viwili, kwa sababu dereva asiyetafuna anasinzia. Mvua ikatukuta, ikatuachia, ikatukuta tena. Kasomeno, kwa Mama Chilufya, chikanda ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi. Mizizi ya porini wanaitwanga na karanga, inaiva mche mzima kama sabuni, unakatiwa vipande. Nilikatiwa sita. Chupa moja ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kuteremshia. Faustin alitafuna samaki wake mkavu wa chumvi njia nzima, akilamba vidole, na bado suruali inamvuka. Dunia haina haki.

Nilichokula: bukari na samaki, Kasenga, jioni. Mara moja tu kwa siku nzima! Mungu ni shahidi wa ninavyojinyima.

15 Novemba

Kurudi. Bukari na maharage, jioni.

21 Novemba

Mvua. Gari lilikwama kwa saa tatu nzima, tukapitisha wakati na mahindi ya kuchoma na sukre, yaani soda, mbili za baridi. Nilichokula: bukari na matembele.

29 Novemba

Suruali ya kahawia imekataa kufunga. Feza, mke wangu, anasema imerudi ndani kwa kufuliwa. Huyo ni mke.

6 Desemba

Faustin ameniuliza kama kiti cha dereva kinaweza kusogezwa mbele zaidi. "Juu ya nini?" nikamwuliza. "Kujua tu, vieux." Kujua tu! Na ananiita vieux, mzee! Miguu yake mifupi tayari inapima.

Nilichokula: bukari nusu. Hasira.

9 Desemba

Siku ya aibu. Naiandika yote.

Mizani ya Albertine imesema mia moja na kumi na nne. Nimeongezeka kilo mbili. Nikamwambia mizani imeharibika. Akapanda yeye, akashuka. "Iko muzima," akasema. "Lete daftari."

Alisoma kimya. Kwanza uso ukakunjana, kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia kwa huruma. Kumbe anacheka.

"Papa Djafari, hapa umeandika 'nilichokula, bukari, mara moja.'"

"Ndiyo. Mara moja."

"Na bitumbula kumi hapa juu ni nini?"

"Ile ni habari ya njia."

"Karanga bikombe mbili?"

"Karanga haiko chakula, Albertine. Ni kutafuna."

"Chikanda vipande sita? Munkoyo chupa muzima? Sukre mbili?"

Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyesoma sana. Chakula ni bukari. Mtu akila bukari, amekula. Mtu asipokula bukari, hata angepitisha gunia la maembe kinywani, akifika nyumbani anasema "siyakula tangu asubui", na hadanganyi. Ndivyo tunavyosema sote hapa, Mbemba, Mluba, na sisi watu wa Maniema. Mama yake Albertine mwenyewe ndivyo anavyosema, nimemsikia kwa masikio yangu.

"Mama yangu naye iko na kilo mia," akajibu.

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya kila habari ya njia. Ukurasa wa tarehe 14 ulibaki kama umekatwa na wembe. Kisha akajumlisha kwa kidole, akanionyesha kuwa nilikuwa nakula mara nne kwa siku, na bukari ya jioni ilikuwa ya tano.

Nilikasirika, sitaficha. Nilichukua kofia yangu nikafika mlangoni. Hapo ndipo aliposema neno lililonirudisha. "Miye sikukatazake kutafuna, papa. Ile mukono yako inatafutaka kitu mu njia, miaka makumi mbili. Hatutaiua. Tutaipatia kitu kingine."

Nikaketi tena.

10 Desemba

Nimemsomea Feza daftari. Nilitarajia kuliwazwa.

"Ngoja," akasema. "Miaka yote hii unaingia hapa jioni unalia 'Feza, niko na njaa, siyakula kitu', na miye ninakusongea bukari ya bantu babili. Kumbe ulikuwa na bitumbula kumi mu tumbo?"

"Haviko cha—"

"Usiseme! Djafari, usiseme!"

Alinifukuza jikoni na mwiko. Baadaye nikamsikia anacheka huko nje, akimsimulia jirani habari zangu.

11 Desemba

Albertine amekuja nyumbani. Yeye na Feza wamekaa kwenye mkeka kama majenerali, na mimi ndiye vita. Wanataka vitu vyenye maji mengi, au vinavyotafunwa muda mrefu, ambavyo havijaonana na mafuta wala sukari, na mkono mmoja uweze kuvishika huku wa pili uko kwenye usukani. Matango yaliyokatwa marefu, yamekamuliwa ndimu na kutiwa pilipili. Mayai ya kuchemsha, mawili, yamemenywa nyumbani, maganda yasije yakamwagika kwenye breki. Nusu ya hindi la kuchoma, si mawili na nusu. Mapera. Masuku, yale matunda ya porini, maana msimu wake ndio huu, na lile kokwa lake linakupa kazi mdomoni kilomita tano. Karanga ruhusa, lakini za kuchemsha na maganda yake, ngumi moja ya Feza. Nikaomba iwe ngumi yangu. Wakacheka wote wawili.

Chikanda kipande kimoja kwa safari, kwa heshima ya Mama Chilufya.

Sikuambiwa lolote juu ya furaha.

15 Desemba

Safari ya kwanza na kapu jipya. Nimelimaliza lote kabla hatujatoka mjini. Kilomita mia mbili zilizobaki nilitafuna kifuniko cha kalamu.

17 Desemba

Feza ana akili kuliko mhandisi. Amevunja kapu kuwa vifurushi vitano, kila kimoja kwenye kitambaa chake, na juu yake ameandika jina la mahali. Cha kutokea mjini. Cha daraja. Cha Kasomeno. Cha mlima. Cha Kasenga. Kifurushi hakifunguliwi mpaka mahali pake pafike. "Hautakula kwa saa wala kwa njaa," ameniambia. "Utakula kwa njia. Njia unaiheshimuka."

Kweli, njia naiheshimu.

19 Desemba

Imewezekana! Darajani mayai, Kasomeno tango. Mama Chilufya aliniletea sahani ya chikanda vipande sita kama kawaida yake ya miaka kumi na mitano. Nilipomwomba kipande kimoja tu cha chikanda, akaishusha sahani na kunitazama.

"Nimekukosea nini, baba?"

Nikamweleza habari ya mizani. Hakuamini. Alidhani nimepata mpishi mwingine Kasomeno. Ilibidi Faustin aape. Halafu Faustin akaila ile sahani, akainyunyizia chumvi mpaka ikawa nyeupe.

28 Desemba

Mia moja na kumi na moja. Suruali ya kahawia imefunga kifungo kimoja.

3 Januari

Tango.

4 Januari

Tango. Nimeota bitumbula. Vilikuwa vinaniita kwa jina.

9 Januari

Faustin amenunua bitumbula vitano na kuvila ubavuni mwangu na dirisha limefungwa. "Mvua inaingia, vieux," anasema. Albertine, kama unasoma hapa, huyu mtu ananiwinda. Anajua kilo zangu kuliko mimi. Kila safari ananiuliza, "Zimebaki ngapi?" Na mimi namjibu, "Za kutosha kukubakiza pale ulipo."

22 Januari

Naandika nikiwa Kasomeno, kwa Mama Chilufya, matope mpaka masikioni.

Jumanne Papa Mutale alitutuma Lukafu kuchukua mahindi. Njia ile wakati wa mvua si njia, ni uji. Mchana, nusu ya safari, gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli. Tukachimba, tukakata matawi, tukaweka mawe. Likazama zaidi. Nyuma yetu yakaja magari mengine mawili, nayo yakanasa.

Sasa sikiliza shida yangu. Cha mjini, cha daraja na cha Kasomeno nilikwisha kuvila. Kilichobaki ni kimoja, na Feza ameandika juu yake LUKAFU. Na Lukafu hatukufika. Usiku ule hatukufika. Jumatano asubuhi hatukufika. Kifurushi kilikuwa pale mbele ya kioo, kinanitazama. Nikakinusa: yai na mapera. Faustin akaniambia, "Fungua, vieux, nani anaona?" Nikamwambia hili ni jambo kati ya mimi na mke wangu.

Nacheka sasa. Jana sikucheka. Jumatano saa nne wakaja kina mama wa kijiji cha karibu na mabeseni kichwani, maana habari ya magari matatu kukwama ni soko. Mihogo ya kukaanga. Bitumbula. Samaki wa kukaanga wanaometa mafuta. Madereva wale wengine walikula mpaka wakafungua mikanda. Mimi nilikuwa nimechimba tangu alfajiri, tumbo limeshikana na mgongo. Nikamwita mama mmoja, nikaweka noti mkononi mwake, nikashika kitumbula. Kilikuwa cha moto bado.

Na hapo nikafikiri juu ya depo. Lile benchi la mbao, ile feni inayolia, magunia. Mtu ananiuliza "Baba, kamyo ya Kasenga inarudi lini?", na mimi najibu sijui. Nisijue! Mimi ninayejua kila shimo la ile njia, kila mbwa. Moyo wangu uliniuma kwelikweli. Nikakirudisha kile kitumbula kwenye beseni. Mama yule alinitukana kwa Kibemba, na alikuwa na haki, maana nilikuwa nimekishika kwa mkono wa matope.

Nilipogeuka, Faustin hakuwepo.

Nikajisemea, ameenda kumpigia Papa Mutale simu kumwambia mzee ameshindwa. Mvua ikaanza, ile nene. Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu, ya nne. Karibu saa tisa nikamwona anakuja barabarani, amelowa chapachapa, amebeba papai kubwa begani, na mfukoni mahindi mawili ya kuchoma yamefungwa kwenye majani. Alikuwa ametembea mpaka kijiji cha tatu, maana viwili vya kwanza vilikuwa na vya kukaanga tu.

"Hii haina jina la mahali," akasema. "Kula."

Hakuketi. Aliegemea bodi ya gari, ameshika kichwa kwa mikono miwili, akasema kinamgonga tangu juzi, ni hizi baridi. Nikakata papai, nikampa nusu. Alilisukuma, akatoa samaki wake wa chumvi.

Nilisema, "Aksanti, Faustin." Miezi miwili mizima sikuwa nimemwambia neno hilo.

Trekta la mkulima mmoja lilitutoa leo asubuhi. Tulifika Lukafu saa nne. Nikafungua kifurushi. Yai lilikuwa limeharibika.

2 Februari

Mia moja na sita. Feza amezunguka nyumba akipiga vigelegele na ufagio mkononi.

10 Februari

Masuku yamekwisha. Tumehamia maboga ya kuchemsha na matungulu, yale matunda mekundu ya porini, machachu kiasi kwamba mtu halali wiki nzima.

18 Februari

Ramadhani imefika. Nilikuwa naihesabia kama mtu anavyohesabia mvua: mwezi mzima wa kufunga, kilo zitakimbia zenyewe! Albertine amenipima, amekubali nifunge, lakini kaniwekea kidole usoni. "Papa, mwaka jana mu Ramadhani uliongeza kilo tatu. Iko mu fishi yako, imeandikwa." Sambusa za dada yangu Rehema, naam. Habari za futari.

27 Februari

Futari njiani, gari limesimama, Kasomeno. Tende tatu, maji, yai, tango. Mama Chilufya, ambaye ni Mkatoliki wa kwaya, alikaa na mimi kusubiri jua lizame, na alikuwa amenichemshia boga bila kuombwa. "Iko bila mafuta," akaniambia kwa sauti ndogo, kama anayetoa siri ya serikali.

6 Machi

Mia moja na mbili. Faustin ameuliza zimebaki ngapi. Nikamjibu vizuri.

20 Machi

Idi. Naandika kila kitu, Albertine: pilau sahani moja, sambusa mbili, nusu ya tatu. Ile nusu nyingine Feza alininyang'anya mbele ya wageni.

30 Machi

Kesho. Nimekula tango nikitetemeka. Feza anasema nisiponyamaza atanipima yeye kwa mwiko.

31 Machi

Nilivua viatu. Nilivua mkanda, saa, kofia. Nilitaka kuvua na shati, Albertine akanizuia. Papa Mutale alikuwa amesimama na mikono mgongoni, Faustin mlangoni.

Tisini na tisa na nusu.

Tansio kumi na tatu.

Nilimkumbatia Albertine mpaka kofia yake ikaanguka. Papa Mutale akacheka, akanipiga begani, akasema kesho saa kumi na moja alfajiri gari lako lipo, Kasenga, sabuni. Gari lako! Nikamtazama Faustin. Nakiri, nilitaka kumwona uso. Miezi yote nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hii, na yalikuwa makali.

"Sasa weye, Faustin," Albertine akasema. "Keti."

"Miye? Miye niko mwembamba."

"Tansio haiangaliake suruali. Keti."

Akaketi huku anacheka. Albertine akapima. Akapima tena. Akabadili mkono.

Kumi na tisa kwa kumi na moja.

Akamwuliza maswali. Kichwa kinauma? Tangu lini? Macho yanaona nyota? Faustin akajibu taratibu, na kila jibu lilinichoma, maana majibu yote nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, ubavuni mwangu, na nikayapita kama nguzo za barabarani. Mimi mwenye mafuta ndiye niliyepewa daftari, kapu na mke wa kuandika vifurushi. Yeye alipewa "huyu iko sawa".

Papa Mutale alikuwa na huzuni, lakini ana amri yake. "Faustin, unaenda depo," akasema. "Kesho natafuta dereva wa pili mwengine."

Maneno yangu makali yaliniishia mdomoni. "Patron," nikasema, "usitafute muntu. Miye nitaendesha kwenda na kurudi, peke yangu. Yeye aketi tu kando yangu, asishike usukani, mpaka mwezi wa sita. Halafu mumupime."

"Djafari, ile ni njia ya bantu babili."

"Nitalala Kasenga siku moja zaidi. Ukimuweka depo pale, patron, nani atamuangalia anakula nini?"

Albertine alisema jambo hilo lina akili, dawa anywe na kila Jumatatu aje apimwe. Papa Mutale alikuna kidevu muda mrefu. Akakubali.

1 Aprili

Saa kumi na moja, giza bado. Feza amefunga vifurushi kumi, vitano vyake, vitano vyangu. Faustin alikuwa amesimama chini, kando ya mlango wa abiria, hapandi.

"Vieux," akasema, "niseme kitu. Ile kamyo, nilikuwa naitaka. Kila siku. Hata ile siku ya papai."

Nikawasha injini.

"Najua," nikamwambia. "Panda."

Akapanda.